Usawazishaji wa saa za kompyuta kupitia mtandao

Usawazishaji wa saa za kompyuta kupitia mtandao ni kazi ya kuzifanya saa za kompyuta nyingi zisome wakati mmoja kwa kuulizana kupitia intaneti au mtandao wa ndani wa ofisi. Itifaki inayotumika zaidi kwa kazi hiyo ni Itifaki ya Wakati wa Mtandao, inayojulikana duniani kote kwa kifupi chake NTP. Ilitungwa na mwanasayansi wa kompyuta Mmarekani David L. Mills na kutangazwa mwaka 1985. Ni mojawapo ya itifaki kongwe za intaneti ambazo bado zinatumika kila siku.

Makala hii inaeleza jinsi itifaki hiyo inavyofanya kazi, programu zake, na adabu zinazotakiwa kwa wanaotumia seva za wakati. Mifano imetolewa katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, Mkoa wa Lindi, kusini-mashariki mwa Tanzania.

## Kwa nini saa za kompyuta hupishana

Kila kompyuta ina kipande kidogo cha fuwele kinachotetemeka kwa kasi inayokaribia kuwa ya kudumu. Kompyuta huhesabu mitetemo hiyo na kupata sekunde. Fuwele za bei nafuu si kamilifu: zinaweza kukosea kwa sehemu 20 hivi katika milioni. Kosa hilo linaonekana dogo, lakini siku moja ina sekunde 86,400, kwa hiyo kompyuta hupoteza au kuzidisha takriban sekunde 1.7 kwa siku, yaani karibu dakika moja kwa mwezi. Joto huongeza tofauti hiyo, kwa sababu fuwele hubadilisha kasi yake kidogo inapopata moto au ubaridi.

Kompyuta inapozimwa, saa yake huendeshwa na betri ndogo ya mviringo iliyopo kwenye ubao mama, mara nyingi ya aina ya CR2032 yenye volti 3. Betri hiyo ikiisha, kila umeme unapokatika kompyuta husahau tarehe na kurudi kwenye tarehe iliyowekwa kiwandani, ambayo inaweza kuwa ya miaka mingi iliyopita.

## Umuhimu

Dalili ya kwanza ya saa iliyorudi nyuma huwa ni tovuti kukataa kufunguka. Tovuti nyingi za leo hutumia cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayodhani kwamba ni mwaka 2010 huona cheti cha leo kama kitu ambacho bado hakijaanza kutumika, na huonya kwamba tovuti si salama. Mtumiaji hudhani intaneti ni mbovu, kumbe ni saa.

Umuhimu mkubwa zaidi uko kwenye kumbukumbu. Nachingwea na Ruangwa ni wilaya za korosho na ufuta. Pamoja na Liwale, zinahudumiwa na chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, ambacho jina lake limetokana na majina ya wilaya hizo tatu. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, mzigo wa mkulima hupimwa, huandikiwa stakabadhi, kisha huuzwa mnadani. Minada ya mazao hayo sasa huendeshwa pia kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX).

Tuchukue mfano wa kompyuta mbili: moja iko ghalani Ruangwa, nyingine ofisini Nachingwea. Ikiwa ya ghalani imetangulia kwa dakika nane na ya ofisini imechelewa kwa dakika tano, tofauti baina yao ni dakika 13. Mzigo uliopimwa kweli saa 4:00 asubuhi utaandikwa kuwa ulipimwa saa 4:08. Stakabadhi iliyotolewa dakika tano baada ya kupima itaandikwa kuwa ilitolewa saa 4:00. Kwa maandishi, stakabadhi imetoka kabla ya mzigo kupimwa. Hakuna aliyeiba, lakini mkaguzi ana haki ya kuuliza, na mkulima ndiye anayesubiri malipo yake wakati maswali yakijibiwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa risiti za mashine za kielektroniki za kodi (EFD), ambazo Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kuzitumia mwaka 2010 na ambazo huchapa tarehe na saa ya kila mauzo. Ni hiyo hiyo pia kwa kumbukumbu za hospitali, ambako saa ya kupewa dawa ni sehemu ya matibabu.

## Majira ya Nachingwea na Ruangwa

Tanzania hutumia Saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko saa tatu mbele ya wakati wa kimataifa (UTC). Nachingwea ipo karibu na longitudo ya nyuzi 38.8 mashariki. Kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, wakati wa jua wa Nachingwea uko takriban saa 2 na dakika 35 mbele ya UTC. Ndiyo maana, kwa wastani, jua hufika katikati ya safari yake ya siku pale saa inaposoma takriban saa 6:25 mchana. Ruangwa ipo mashariki kidogo, na wakati wake wa jua hutofautiana na wa Nachingwea kwa chini ya dakika moja. Kila mji ungefuata jua lake, hata wilaya hizi jirani zisingekuwa na saa moja.

Kanzidata ya kanda za saa inayotumiwa na kompyuta nyingi huonyesha kwamba Tanganyika ilikuwa saa 2 na dakika 45 mbele ya wakati wa Greenwich kuanzia mwaka 1948 hadi mwisho wa 1960. Kwa hesabu hiyo, mpango wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947 hadi 1951, pamoja na reli yake kutoka pwani hadi Nachingwea, ulipita sehemu kubwa ya maisha yake katika majira tofauti na ya leo.

Jambo la pili ni saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabiwa alfajiri. Saa moja asubuhi ni 7:00 kwenye kompyuta, na saa nne asubuhi ni 10:00. Tofauti ni saa sita kamili. Mtu anayerekebisha saa ya kompyuta kwa mkono akaandika 4:00 kwa maana ya saa nne asubuhi, ameirudisha nyuma kwa sekunde 21,600.

Jambo la tatu ni kanda. NTP hubeba UTC peke yake. Haijui Nachingwea wala New York. Kompyuta hupokea UTC, kisha hujumlisha saa tatu kwa sababu imeambiwa iko katika kanda ya `Africa/Dar_es_Salaam` au `Africa/Nairobi`. Kompyuta mpya iliyoachwa katika kanda ya magharibi ya Marekani itachelewa kwa saa 10 au 11. Kusogeza mishale yake si dawa, kwa kuwa seva ya wakati itairudisha ilipokuwa. Kinachotakiwa ni kubadilisha kanda.

## Historia

Kabla ya intaneti, watu wengi walirekebisha saa zao kwa redio, kwa kusikiliza milio inayotangulia taarifa ya habari. Njia hiyo ilitosha kwa saa ya mkononi, lakini haikutosha kwa kompyuta zinazobadilishana taarifa mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Mills alianza kazi hii katika siku za mwanzo za intaneti na akaiendeleza katika Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani. Baada ya maelezo ya mwaka 1985, toleo la 1 lilitoka 1988, la 2 likatoka 1989 na la 3 likatoka 1992. Toleo la 4, linalotumika sasa, lilichapishwa Juni 2010. Mills alifariki tarehe 17 Januari 2024 akiwa na umri wa miaka 85.

## Jinsi NTP inavyofanya kazi

### Matabaka

Seva za wakati hupangwa kwa matabaka. Tabaka 0 ni chanzo chenyewe: saa ya atomi, au kipokezi cha satelaiti za GPS, ambazo kila moja imebeba saa za atomi. Kompyuta iliyounganishwa moja kwa moja na chanzo hicho ni ya tabaka 1. Inayoiuliza kompyuta ya tabaka 1 ni ya tabaka 2, na kuendelea hadi tabaka 15. Namba 16 humaanisha kwamba saa haijasawazishwa. Tabaka huonyesha umbali kutoka kwenye chanzo, si ubora: seva ya tabaka 3 iliyo karibu inaweza kuwa bora kuliko ya tabaka 1 iliyo ng'ambo ya bahari.

### Hesabu ya tofauti

Ugumu ni kwamba jibu la "saa ngapi?" huchelewa njiani. NTP hutatua ugumu huo kwa kuandika nyakati nne. Tuseme kompyuta ya Ruangwa inaiuliza seva iliyoko Dar es Salaam:

1. Kompyuta inatuma swali saa yake ikisoma 10:00:00.000.
2. Seva inapokea swali saa yake ikisoma 10:00:05.040.
3. Seva inatuma jibu saa yake ikisoma 10:00:05.042.
4. Kompyuta inapokea jibu saa yake ikisoma 10:00:00.082.

Kwa saa ya kompyuta, safari nzima imechukua milisekunde 82. Kati ya hizo, seva ilikaa na swali kwa milisekunde 2. Kwa hiyo njiani zimetumika milisekunde 80, kwenda na kurudi.

Wakati wa kwenda, saa ya seva ilionekana kutangulia kwa sekunde 5.040 (namba ya 2 kutoa ya 1). Wakati wa kurudi ilionekana kutangulia kwa sekunde 4.960 (namba ya 3 kutoa ya 4). Wastani wake ni sekunde 5.000 kamili. Kompyuta ya Ruangwa imechelewa kwa sekunde tano.

Hesabu hii huchukulia kwamba njia ya kwenda na ya kurudi ni sawa. Ikiwa kwenda ni milisekunde 60 na kurudi ni 20, jibu litakosea kwa milisekunde 20. Kosa la namna hiyo haliwezi kuzidi nusu ya muda wa njiani. Hii ndiyo sababu ya kuchagua seva ya karibu.

### Kurekebisha saa

Programu ya kawaida ya NTP hairukishi saa ovyo. Tofauti ikiwa chini ya milisekunde 128, huharakisha au kupunguza mwendo wa saa kidogo kidogo, bila kuzidi sehemu 500 katika milioni, ili wakati usirudi nyuma na kuvuruga kumbukumbu. Tofauti ikizidi hapo, saa husogezwa mara moja. Ikizidi sekunde 1,000, yaani karibu dakika 17, programu hukataa na kujizima, kwa kuamini kwamba kuna jambo linalohitaji macho ya binadamu. Kosa la saa sita lililotajwa juu huangukia hapa, na mhudumu hulazimika kuiruhusu programu kwa makusudi kusawazisha tena.

## Programu

* ntpd ni programu ya asili iliyotokana na kazi ya Mills.
* chrony iliandikwa kwanza na Richard Curnow. Huvumilia mtandao unaokatika na kompyuta zinazozimwa mara kwa mara, kwa hiyo hufaa sana mahali ambapo umeme au intaneti si vya uhakika.
* OpenNTPD ilitoka mwaka 2004 katika mradi wa OpenBSD, ikilenga wepesi na usalama.
* systemd-timesyncd hupatikana katika Linux nyingi. Huuliza wakati lakini haiwezi kuwa seva ya wengine.
* Windows Time huja na Windows, na kwa kawaida huuliza `time.windows.com`.

Simu za mkononi zinaweza pia kupokea saa kutoka kwenye mnara wa kampuni ya simu, njia ambayo si NTP.

Ili kuona hali ya saa, mtumiaji wa chrony huandika `chronyc tracking`, wa ntpd huandika `ntpq -p`, na wa Windows huandika `w32tm /query /status`.

## Adabu za kutumia seva za wakati

Seva nyingi za wakati hutolewa bure na vyuo, kampuni na watu binafsi. Kubwa kuliko yote ni mradi wa kujitolea wa `pool.ntp.org`, ulioanzishwa na Adrian von Bidder mwaka 2003 na kuongozwa na Ask Bjørn Hansen tangu 2005. Mradi huo hukusanya maelfu ya seva chini ya jina moja na kuwagawia waulizaji kwa zamu. Una jina la bara, `africa.pool.ntp.org`, na la nchi, `tz.pool.ntp.org`. Kwa kuwa seva za Afrika ni chache kuliko za Ulaya, jina la bara mara nyingi ni salama zaidi kuliko la nchi.

Swali moja la NTP ni dogo: pakiti ya kawaida ina baiti 48 tu, mbali na vichwa vya mtandao. Lakini kisima cha kijiji hakikaushwi na ndoo moja. Hukaushwa na wengi wanaochota bila mpango. Kwa hiyo zimekuwepo taratibu zifuatazo:

1. Ofisi moja, muulizaji mmoja. Kompyuta moja ya halmashauri au shule iulize nje, na nyingine zote ziiulize hiyo.
2. Usiulize mara kwa mara. Kipindi cha kawaida ni kati ya sekunde 64 na 1,024. Programu nzuri hujiongezea kipindi yenyewe saa inapotulia.
3. Usiende tabaka 1 bila sababu. Seva hizo ziachiwe wanaowahudumia wengine wengi, na zile zenye masharti ziombewe ruhusa.
4. Tumia jina, si namba. Anwani ya IP ikiandikwa moja kwa moja, mwenye seva hawezi tena kuihamisha.
5. Kuwa na vyanzo vinne au zaidi. Mashahidi wawili wakipingana, baraza halijui nani mkweli. Wakiwa watatu, wawili huweza kumshinda mmoja. Wa nne ni wa akiba mmoja wao asipofika.
6. Heshimu jibu la kukataliwa. Seva iliyoelemewa inaweza kurudisha neno `RATE`, maana yake punguza, au `DENY`, maana yake acha.
7. Usipange maswali yote juu ya alama. Kompyuta nyingi zikiuliza saa sita kamili ya usiku, seva hupata mafuriko dakika hiyo na kukaa bure baadaye.
8. Mtengenezaji wa vifaa aombe jina lake. Mradi wa `pool.ntp.org` huwapa watengenezaji jina maalumu, ili tatizo likitokea ijulikane ni vifaa vya nani.

Mtu anayetaka kuchangia seva yake anatakiwa kuwa na anwani ya IP isiyobadilika na muunganisho wa kudumu. Akitaka kuacha, anapaswa kuiondoa mapema kwenye orodha, kwa kuwa waulizaji wengine huendelea kuja kwa muda mrefu.

## Matukio ya uvunjaji wa adabu

Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison nchini Marekani kiligundua mafuriko ya maswali ya wakati. Chanzo kilikuwa ruta za nyumbani za NETGEAR, zilizoandikiwa ndani anwani ya seva ya chuo hicho. Ruta iliyokosa jibu iliuliza tena kila sekunde. Mwezi Juni mafuriko yalifikia takriban pakiti 250,000 kwa sekunde, na vifaa vilivyohusika vilikadiriwa kuzidi 700,000. Kampuni ilirekebisha programu na kukipa chuo mchango wa dola 375,000, lakini ruta zilizokwisha kuuzwa hazikuweza kukusanywa zote.

Mwaka 2006 Poul-Henning Kamp wa Denmark aliandika barua ya wazi kuhusu vifaa vya D-Link vilivyokuwa vikitumia bila ruhusa seva yake, iliyokusudiwa mitandao ya Denmark. Pande mbili zilielewana mwezi Aprili mwaka huo. Desemba 2016 toleo jipya la Snapchat la simu za iPhone liliongeza ghafla mzigo kwenye seva za `pool.ntp.org` hadi liliporekebishwa.

Matukio hayo yanafanana kwa jambo moja: hakuna aliyekusudia ubaya. Kosa dogo la mtengenezaji mmoja lilizidishwa na idadi ya vifaa, na gharama ikabebwa na aliyetoa huduma bure.

## Mahali penye intaneti ya kusuasua

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikaathirika sana. Katika hali kama hiyo, kompyuta za ofisi moja zinaweza kuendelea kukubaliana wao kwa wao ikiwa mmoja ni seva ya ndani. Usanidi mfupi wa chrony kwa kompyuta hiyo ni huu:

```
pool africa.pool.ntp.org iburst maxsources 4
driftfile /var/lib/chrony/drift
makestep 1.0 3
rtcsync
allow 192.168.1.0/24
local stratum 10
```

Mstari wa kwanza huchagua vyanzo vinne. Wa pili hutaja faili la kuhifadhi tabia ya fuwele, ili programu ikumbuke kama saa hiyo ni ya kuchelewa au ya kutangulia. Wa tatu huruhusu saa kusogezwa mara moja, ikiwa tofauti inazidi sekunde moja, katika marekebisho matatu ya mwanzo tu. Wa nne huinakili saa sahihi kwenye saa ya betri. Wa tano huruhusu kompyuta za ofisi kuuliza. Namba hizo hubadilishwa kufuata mtandao wa ofisi husika. Wa mwisho huiruhusu kompyuta kuendelea kujibu hata ikikosa vyanzo vya nje.

Njia nyingine ni kipokezi cha GPS kilichofungwa dirishani au juu ya paa. Satelaiti huonekana Ruangwa kama zinavyoonekana Dar es Salaam, na kompyuta ndogo yenye kipokezi hicho huwa ya tabaka 1 bila kutegemea intaneti. Mpangilio ulio wazi kwa umma hurahisishwa na vituo vya kubadilishana data kama TIX ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2004, kwa kuwa swali halilazimiki kuvuka bahari.

## Usalama

Pakiti za kawaida za NTP hazina muhuri, hivyo zinaweza kughushiwa. Njia ya kuzithibitisha, iitwayo NTS, ilichapishwa Septemba 2020. Seva za zamani za ntpd zilikuwa pia na amri `monlist` iliyojibu swali dogo kwa jibu kubwa mno. Februari 2014 wahalifu waliitumia kuelekeza takriban gigabiti 400 kwa sekunde kwa mteja mmoja wa kampuni ya Cloudflare. Kwa sababu hiyo, mwenye seva anatakiwa kutumia toleo jipya na kutoifungua kwa dunia nzima kama hakukusudia hivyo. NTP hutumia mlango namba 123.

## Sekunde za nyongeza na mwaka 2036

Tangu mwaka 1972 sekunde 27 zimeongezwa kwenye UTC ili ilingane na mzunguko wa dunia. Ya mwisho iliongezwa mwisho wa mwaka 2016. Kwa Afrika Mashariki ilikuwa tayari tarehe 1 Januari 2017, muda mfupi kabla ya saa tisa kamili ya usiku. Novemba 2022 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua utaratibu huo ubadilishwe ifikapo mwaka 2035.

NTP huhesabu sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1900 kwa namba ya biti 32, ambayo itajaa na kuanza upya sifuri tarehe 7 Februari 2036. Programu za sasa hujua kuvuka siku hiyo, mradi kompyuta iwe na tarehe iliyo karibu na ukweli inapowashwa. Vifaa vya zamani vyenye betri iliyokufa ndivyo vitakavyohitaji kuangaliwa kabla ya hapo.

## Tazama pia

* Saa za Afrika Mashariki
* Saa ya atomi
* Itifaki ya intaneti
* Wilaya ya Nachingwea
* Wilaya ya Ruangwa